Rudisha pauda kabatini

Mpenzi Zuhura,

Huku wazima, watoto hawajambo, mvua ndiyo hiyo haijakatika. Nimekawia kujibu, najua, utanisema tukionana. Ila picha ya brauni zako uliyonitumia jana, na vipimo vyake, imenifanya niache vyombo kwenye karo. Shoga, zile si brauni. Ile ni keki ya kakao iliyokatwa miraba. Na maulidi kwa Mama Rukia ni Jumamosi!

Bekingi pauda kijiko kizima, ya nini? Brauni nzito yenye unyevu inainuliwa na mayai tu, tena kidogo. Ukitia pauda inaumuka, inajaa matundu, kesho yake imekauka. Halafu huo unga unaopima kwa kikombe: ukiushindilia unafika gramu 150, ukiumimina kwa kijiko ni kama 125. Kaazime mzani kwa Bi Saida, haumfanyii kazi yoyote.

Kwa trei ya bati ya sentimita 20 kwa 20: siagi gramu 170, chokoleti nyeusi gramu 170, sukari 250, mayai 3, unga wa ngano 90, kakao 30, chumvi nusu kijiko cha chai, vanila kijiko kimoja. Nimesema siagi, si ile ya kopo ya kupaka mkate. Na kakao iwe tupu. Ile ya kunywa watoto imejaa sukari, itakuharibia hesabu yote.

Siagi na chokoleti ziyeyushe kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, bakuli lisiguse maji. Mwiko uwe mkavu kabisa, maana chokoleti ikidondokewa na maji kidogo tu inaweza kushikana ikawa chengachenga.

Sasa ile ngozi ya juu inayong'aa, ambayo najua Rukia ataitafuta kwanza. Inatokana na sukari iliyoyeyuka ndani ya mayai. Sukari yetu ina chenga kubwa, kwa hiyo isage kwenye brenda nusu dakika, kisha ipige na mayai dakika 5 mpaka yageuke meupe mazito, ukiinua mchapo yadondoke kama utepe. Mimina chokoleti ikiwa vuguvugu. Ikiwa ya moto umepika mayai ya kuvuruga. Chekecha unga, kakao na chumvi mwisho, geuza taratibu, na ukiacha kuuona unga mweupe, weka mwiko chini. Ukizidi kukoroga inakakamaa kama chapati iliyolala.

Oveni iwe na moto wa nyuzi 175 kabla hujaingiza trei. Anza kuchungulia dakika ya 22. Hapa ndipo unapokosea hata bila pauda: umezoea keki, unangoja kijiti kitoke kikavu. Kikitoka kikavu umeshachelewa! Kitoke na chembe zilizolowa, ila si rojo, maana trei ikiwa nje bado inaendelea kupika. Umeme ukikatika, weka mkaa mwingi juu ya mfuniko na kidogo sana chini, sukari ya chini inaungua upesi.

Usikate ya moto. Iache ipoe kwa muda wa saa 2, kisha friji kwa muda wa saa 1, kisu ukichovye maji ya moto na ukifute kila mkato. Trei moja inatoa vipande 16.

Watu ni wangapi lakini? Trei unazo ngapi, na ni za bati au kioo? Kioo kinakausha pembeni. Oveni yako ina feni? Kama inayo, shusha hadi 160. Sambusa analeta nani, asije akawa yule wa mwaka jana? Na Hamisi ni kweli harudi, au ndiyo maneno ya... basi, utaniambia.

Oka trei moja Alhamisi kwanza. Halafu nitumie picha ya ndani ukishakata, ya juu sitaki.

Wako,
Mwanahawa