Seva iko nyumbani, kompyuta ni ya kampuni

Bwana Mhariri,

Kuna ushauri unaozunguka maofisini hapa Lubumbashi: ukiwa na seva ya picha na hati nyumbani, na kompyuta ya kazini imefungwa isikubali programu mpya, basi beba VPN (programu inayokufungulia njia ya siri hadi nyumbani) kwenye flashi. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuupinge. Programu isiyo na idhini kwenye mashine ya mwajiri inaweza kukupotezea kazi, na tena mara nyingi haikusaidii kitu. WireGuard, mojawapo ya VPN hizo, hupita kwa UDP, ilhali faiawoli (vichujio vya mtandao) nyingi za kampuni huachia TCP 80 na 443 tu, poti yaani milango ya kurasa za wavuti. Kazi yote ifanyike upande wa nyumbani, ili ofisini utumie kivinjari peke yake.

Anza na ruta. Fungua ukurasa wake utazame anwani ya WAN, yaani ya upande wa intaneti. Ikianza na 10 kisha nukta, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya NAT ya mtoa huduma, yaani wateja wengi mnachangia anwani moja ya umma, kama zilivyo modemu nyingi za SIM. Hapo kufungua poti kwenye ruta ni kazi bure, maana anayekutafuta kutoka nje hafiki hata mlangoni pako. Seva ya nyumbani ndiyo itoke kwanza, yaani ianzishe mawasiliano yenyewe. Kodi seva ndogo yenye anwani ya umma (RAM ya megabaiti 512 yatosha, inapitisha tu), uziunganishe hizo mbili kwa WireGuard, na upande wa nyumbani uandike PersistentKeepalive = 25. Bila mstari huo, NAT husahau njia kukiwa kimya kidogo.

Kwenye seva ya kukodi weka Caddy, programu inayopokea maombi ya kivinjari na kuyapitisha nyumbani. Jina la domeni likielekezwa hapo na poti 80 na 443 zikiwa wazi, yenyewe itachukua cheti cha Let's Encrypt (kinachothibitisha jina lako na kuwezesha mawasiliano ya siri) na kukihuisha. Kwa Jellyfin (programu ya kutazama video na picha zako), chini ya jina unaandika reverse_proxy 10.8.0.2:8096, basi; 10.8.0.2 ni anwani ya seva ya nyumbani ndani ya WireGuard. Ijaribu kwa data ya simu, si kwa Wi-Fi ya nyumbani. Ikiwa amri ya wg show inaonyesha pande mbili zimesalimiana punde lakini huduma haionekani, huenda inasikiliza 127.0.0.1 tu, yaani inajibu mashine yake peke yake. Ukurasa ukifunguka nusu ukaganda, shusha MTU (ukubwa wa vifurushi vya data) ya WireGuard hadi 1280.

Kinachosumbua zaidi ni umeme, na wakaaji wa Katuba au Ruashi hawahitaji kuelezwa habari hiyo. Raspberry Pi, kompyuta ndogo ambayo wengi huifanya seva ya nyumbani, hadi toleo la 4 haina saa yenye betri. Umeme ukirudi, Pi huamka ikiwa na saa ya nyuma. WireGuard nayo hukataa salamu yenye muda uliotangulia ule iliokwisha kuuona, kwa kuhofia mtu anayerudia salamu za zamani. Haitoi hata onyo. Inanyamaza, na fundi anabaki kulaumu mtandao. Kwa kawaida Pi hujirekebisha saa kupitia intaneti, lakini ukiwa umeandika AllowedIPs = 0.0.0.0/0 upande wa nyumbani (yaani kila kitu kipite kwenye WireGuard), hata ombi la saa linalazimika kupita kwenye njia ileile iliyofungwa. Andika 10.8.0.1/32 tu, anwani ya seva ya kukodi ndani ya WireGuard. Anayetaka utulivu zaidi afunge moduli ya saa ya DS3231 yenye betri yake. Pi 5 ina saa, ila betri hununuliwa kando. Endpoint (mahali ilipo seva ya kukodi) nayo iandikwe kwa namba za anwani: ukiweka jina, na DNS inayogeuza majina kuwa namba haijaamka, huduma inaweza kushindwa kuanza.

Usitoe nje ukurasa wa ruta wala wa usimamizi wa seva. Toa huduma unayoihitaji tu, yenye uthibitisho wa hatua mbili. Domeni mpya kabisa ikizuiwa ofisini, usishangae: vichujio vingi hushuku majina yaliyosajiliwa juzi. Mwombe mtu wa informatiki aliruhusu jina hilo moja.

Tena, kabla ya kuandika nenosiri kazini, bofya alama iliyo kando ya anwani kwenye kivinjari (kufuli au nyingine) usome nani ametoa cheti. Ukikuta jina la kampuni badala ya Let's Encrypt, mawasiliano yanafunguliwa njiani na nenosiri linasomeka. Funga ukurasa, tumia simu yako na megabaiti zako.

Mafundi wa mitandao,
Lubumbashi