Msituambie tutapishe watoto

Mhariri,

Makala yenu kuhusu mizizi ya dawa imeisifu ipekakuana kupita kiasi. Kwamba inatapisha, hilo halina ubishi. Ninachopinga ni ushauri wenu kuwa kila nyumba yenye watoto iweke chupa ya dawa ya maji ya mzizi huo, ili mtoto akinywa sumu atapishwe haraka.

Ushauri huo umepitwa na wakati. Marekani iliruhusu dawa hiyo ya maji iuzwe bila cheti cha daktari mwaka 1965, na wazazi wengi wakaiweka kabatini. Mwaka 2003 chama cha madaktari wa watoto cha nchi hiyohiyo kikawaambia waitupe. Dawa huchukua kama dakika 20 kabla ya kufanya kazi, na muda wote huo sumu inazidi kuingia mwilini. Mtoto akishatapika, hakuna ajuaye kimetoka kiasi gani na kimebaki kiasi gani. Tena hatapiki mara moja akanyamaza. Akifika hospitali bado anatapika, hata unga wa mkaa anaonyweshwa ili unase sumu hautulii tumboni.

Na zipo sumu zisizotapishwa kabisa. Tindikali iliyounguza koo ikishuka itaunguza tena ikipanda. Mafuta ya taa nayo, mtoto akipaliwa wakati wa kutapika, huingia mapafuni, na huko ndiko hatari yake kubwa iliko.

Sidharau mzizi wenyewe. Unatoka misitu ya Brazil, ni wa jamii moja na mkahawa (nani angedhani!), na karne ya 17 ulitikisa Ulaya kwa kutibu kuhara damu. Emetini, kemikali iliyochujwa kutoka humo mwaka 1817, kweli inaua amiba, kijidudu kinachoweza kuleta kuhara huko. Lakini emetini hiyohiyo hudhoofisha misuli, moyo ukiwamo, na haitoki mwilini upesi. Wapo waliokunywa dawa hiyo ya maji kila mara ili wapungue uzito, na baadhi yao moyo umewasimama. Makala yenu haikuwagusa hata kwa sentensi moja.

Naomba toleo lijalo lisahihishe, tena kwa herufi kubwa kama zile za makala: aliyekunywa sumu asitapishwe nyumbani. Awahishwe hospitali, na chombo cha alichokunywa kibebwe pamoja naye.

Msomaji wenu