Ile kofia ya kwenye tamthilia ya Kikorea sio pama

Ndugu mhariri,

Pole na kazi. Juzi ukurasa wenu wa burudani ulitoa picha ya mwigizaji wa Kikorea kavaa kofia nyeusi yenye ukingo mpana, chini yake mkaandika kapendeza na pama. Ile sio pama jamani, inaitwa gat, na mi nimeumia kweli maana hizi tamthilia tunaziangalia kila siku zikiwa zimeingizwa sauti za Kiswahili alafu kitu kinachobeba nusu ya stori tunakipita hivi hivi.

Enzi za ufalme wa Joseon, ulioanza 1392, mtu ulikuwa unamsoma kuanzia kichwani. Gat ilikuwa ya mwanaume mtu mzima, hasa yangban, yaani zile koo za wasomi na maofisa, wakati mchuuzi na mchinja ng'ombe walivaa paeraengi, kofia ya mianzi iliyosukwa. Kingo za gat zilizidi kupanuka mpaka miaka ya 1860 mtawala Daewongun akaamuru zipunguzwe. Siku ya harusi tu ndo mtu wa kawaida aliruhusiwa kuvaa samo, kofia ya ofisa wa mfalme yenye mabawa mawili nyuma, siku moja tu hiyo anaonekana kama ofisa, kesho yake anaivua ndo basi tena. Hilo huwa linanigusa sana.

Hebu iangalieni gat kwa karibu. Ni nywele za farasi na mianzi iliyochanwa myembamba kama uzi, ikapakwa utomvu wa mti ikawa nyeusi tii, na mafundi waligawana, huyu ukingo, yule sehemu ya juu, wa tatu anaunganisha. Nyepesi, inapitisha mwanga, na ndani yake unaliona fundo la nywele la utosini, sangtu, ambalo ndo alama ya kwamba huyu keshakuwa mtu mzima. Mvua haizuii, tena ikinyesha gat yenyewe ndo inavishwa kofia ya karatasi iliyopakwa mafuta!

Ndo maana mwisho wa 1895 serikali ilipoamuru wanaume wakate sangtu, mfalme Gojong mwenyewe akakatwa, nchi ikachafuka, kwao nywele umepewa na wazazi huzigusi, mwanazuoni Choe Ik-hyeon akasema bora akatwe kichwa kuliko nywele, na watu wakashika silaha, wakiwa tayari na uchungu wa malkia wao kuuawa mwaka huohuo. Na sangtu ikiondoka gat inabaki kukalia nini?

Korea Kusini iliuweka ufundi wa gat kwenye urithi unaolindwa na serikali mwaka 1964. Basi mhariri, mkitoa tena picha kama ile naomba muandike gat, na nafasi ikiwepo mtuambie aliyeivaa ni nani kwenye stori, ni ofisa, msomi asiye na kazi au kafiwa.

Msomaji wenu, Morogoro