Hofu haivuni kura Marekani kama zamani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaosema Mmarekani ukimtisha tu, kura yake umeipata.

Ninaishi Louisville, Kentucky. Mwaka 2023, siku za kampeni za ugavana, nilikuwa nakaa sebuleni na mama mkwe wangu, mzaliwa wa Kongo, tukitazama runinga. Kila mara tangazo lile lile: sauti nzito, muziki wa kutisha, watoto wenu wamo hatarini. Gavana Andy Beshear, wa chama cha Democratic, alikuwa ametumia kura ya turufu kupinga sheria ya kuwazuia vijana kupata matibabu ya kubadili jinsia, na wapinzani wakaifanya ndiyo fimbo ya kumchapia. Mama akaniuliza, "Na bei ya dawa, mbona hawaisemi?"

Beshear alishinda, tena katika jimbo ambalo Donald Trump wa chama pinzani cha Republican alilizoa mwaka 2020. Watu hawakusahau kimbunga cha Desemba 2021 kilichousambaratisha mji wa Mayfield, wala nani alisimama nao.

Zamani hofu ilivuna kweli: mwaka 2004 majimbo 11 yalipigia kura marufuku ya ndoa za jinsia moja siku ya uchaguzi mkuu, na yote yakaipitisha. Lakini Agosti 2022 Kansas, ngome ya Republican, ilikataa kuiondolea katiba yake ulinzi wa haki ya kutoa mimba.

Sisemi hofu imekufa. Mwaka 2024 wahamiaji tulitangazwa kuwa balaa, na Trump akashinda, iliniuma sana. Hata hivyo, wengi niliozungumza nao kazini walilalamikia bei ya vyakula na kodi ya nyumba. Mnapoandika uchaguzi wa huku, wapeni hao nafasi.

Msomaji wenu,
Louisville, Kentucky