Jina la mjukuu wako, Mama

Košice, Slovakia, 27 Julai

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya na goti limepoa. Sisi hatujambo. Aliye tumboni anapiga mateke usiku kucha, na daktari amethibitisha kuwa ni msichana.

Siku ile uliniuliza majina ya huku yana maana gani, ukasema hutaki mjukuu wako aitwe neno tupu. Nilikujibu harakaharaka kwenye simu, na sikuridhika. Leo nimekaa nikuandikie vizuri.

Mama, majina yao yanasema. Mengi ya asili ni maneno mawili yaliyounganishwa. Ľudmila: ľud ni watu, milá ni mpendwa, basi ni mpendwa wa watu. Miroslava ni amani na utukufu. Bohdana ni aliyetolewa na Mungu, sawa na Zawadi wa shangazi. Zora ni mapambazuko. Na Viera ni Imani, neno lilelile wanalolitaja kanisani. Mengine yametoka kwenye Biblia, kama Zuzana, ambalo kwa Kiebrania ni yungiyungi. Rais wao wa kwanza mwanamke, kuanzia 2019 hadi 2024, alikuwa Zuzana Čaputová. Hiyo -ová ya mwisho huongezwa kwenye jina la ukoo la mwanamke, kwa hiyo mjukuu wako naye ataibeba.

Nilichokuwa nakiogopa ni masikio ya nyumbani. Mume wangu alilipenda sana Soňa, linalotokana na Sofia, yaani hekima. Lakini linatamkwa Sonya! Nikilitaja hapo uani nitakuwa namwamuru mtoto awasonye watu. Hana nalo ni jina zuri huku, ila kwetu kila mtu angeuliza hana nini, ingawa yule mama yake Samweli tumemsoma tangu utotoni. Mila lilinigusa: kwao ni mpendwa, kwetu ni mila na desturi. Na Nina, ambalo wasichana wengi wa hapa wanaitwa, kwenye tenzi za zamani ni mama. Hayo mawili niliyaandika kwenye karatasi nikayabandika kwenye friji.

Halafu ikaja jana. Huku kalenda ya ukutani ina jina la mtu karibu kila siku, na siku ya jina lako unapongezwa karibu kama siku ya kuzaliwa. Wanaiita meniny. Katarína ni 25 Novemba, Lucia 13 Desemba, na jana, 26 Julai, ilikuwa zamu ya kina Anna, akiwemo bibi yake mume wangu. Duka la maua lilijaa watu hadi nje. Nikachagua waridi nne nyekundu. Muuzaji akanitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ninakwenda mazishini. Kumbe maua ya idadi shufwa ni ya wafu. Ya walio hai huwa witiri. Akachomoa la tano kwenye ndoo, akalifuta maji kwa aproni yake, akanifungia.

Bibi alikuwa jikoni akimenya viazi. Wote wanamwita Anička, hata vitukuu. Akaniuliza, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, mama yangu anaitwa nani. Nikamwambia Neema. Maana yake? Nikamjibu kwa Kislovakia: milosť. Akaweka kisu chini, akajifuta mikono, akanishika mashavu yote mawili. Akasema, “Hilo ni jina langu.” Padri alimfundisha tangu akiwa msichana kwamba Anna kwa Kiebrania ni neema.

Mama, miaka yote hii nimekaa na jina lako humu ndani bila kulijua. Nilirudi nyumbani nikaibandua ile karatasi kwenye friji.

Tunataka aitwe Anna. Wewe utamwita Neema, na hutakuwa umembadilisha jina. Atakuwa wajina wako na wajina wa Bibi. Hata hivyo sitaandikisha chochote kabla hujanipa neno lako. Zungumza na Baba, kisha nipigieni Jumapili mkitoka ibadani. Kiangazi hiki tunapishana saa moja tu, nitakuwa macho.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Kaka mwambie nimepata picha za mahindi.

Ni mimi, kitinda mimba wako