Insulini Usiilaze na Sangara

Mzee mmoja wa Ukerewe alirudi famasi kwetu Kirumba, Mwanza, na kichupa chake cha insulini, dawa ya kisukari, mkononi. Sukari ilikuwa imekataa kushuka wiki nzima, na chakula hajabadilisha wala dozi hajaruka. Tukamuuliza, shikamoo baba, insulini unaiweka wapi? Akajibu bila wasiwasi: "Kwenye boksi la barafu, chini ya sangara. Si nyinyi mliniambia niiweke pabaridi?"

Ni kweli tulimwambia hivyo, na tukaishia hapo. Kosa ni letu, ndiyo maana tunaandika haya.

Insulini ni protini. Ikiganda huharibika, na ukiiyeyusha hairudi kuwa dawa. Ile yenye rangi ya maziwa angalau hujisema yenyewe: hubaki na chembechembe au mabonge hata ukiiviringisha viganjani. Ile angavu kama maji ndiyo msaliti, kwa sababu inaweza kuganda, ikayeyuka na kuonekana nzima kabisa. Barafu ya mapande ikitoka kiwandani huwa chini ya nyuzi 0, na kichupa kikiigusa usiku kucha, asubuhi unajichoma maji tu. Friji nayo ina mtego huohuo: usiiweke insulini kwenye friza wala kuiegemeza ukuta wa nyuma. Mlangoni panatosha. Kinachotakiwa ni nyuzi 2 hadi 8.

Wengi hutuuliza: nisiye na friji nifanyeje? Au umeme ukikatika siku mbili? Hapa kuna habari njema, tena imetoka jirani. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka walipima joto ndani ya nyumba za wagonjwa katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya. Usiku lilikuwa kama nyuzi 25, mchana likafika 37. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva wakaipandisha na kuishusha joto insulini maabara kwa mtindo huohuo kwa wiki 4. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: nguvu iliyopungua haikuzidi asilimia 1. Mwaka 2023 mapitio ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yakaongeza kwamba insulini ya binadamu (iliyotengenezwa ifanane na ile ya mwili wetu) ambayo haijafunguliwa inaweza kukaa kwenye joto lisilozidi nyuzi 25 hadi miezi 6, na lisilozidi 37 hadi miezi 2.

Dadaab ni nusu jangwa, sisi tuna upepo wa ziwa. Lakini msijisahau: chumba cha bati kisicho na dari saa nane mchana ni habari nyingine, na dashibodi ya daladala iliyosimama juani ni jiko. Mtumbwini ndiyo kabisa, maana jua linapiga juu na linarudi kutoka majini.

Kwa asiye na friji, mtungi wa udongo bado ni kifaa cha maana. Chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi. Kiweke kivulini upepo unapopita, kwa sababu ubaridi unaletwa na maji yanayokauka. Hewa ya huku ina unyevu, hivyo usitegemee miujiza, ila joto linapungua. Kichupa kitangulie kwenye kopo lenye mfuniko ili kisilowe. Na kikishafunguliwa, hesabu wiki 4 kisha ukitupe, hata kama dawa imebaki. Tunajua inauma, pesa ni pesa.

Siku hizi tukikuuzia insulini (njoo na cheti cha daktari) tunakukabidhi kalamu uandike tarehe ya kufungua kwenye lebo. Akiba yako unaweza kuiacha kwenye friji yetu yenye kipimajoto, ukachukua kichupa kimoja kimoja. Wa visiwani tunawafungia kwenye kiboksi: kitambaa kinene kwanza, insulini katikati, pakiti ya baridi pembeni bila kugusana. Ukishuku kichupa chako kimeganda au kimepigwa jua, kilete tukiangalie kabla hujaongeza dozi. Kuongeza dozi kwa sababu dawa imekufa, halafu ukafungua kichupa kizima ukachoma kiasi kilekile kikubwa, sukari inaweza kushuka ghafla mpaka ukaanguka.

Yule mzee alipewa kichupa kipya na kiboksi chake. Alisema sangara wabaki na barafu yao.