Malalamiko kuhusu seti ya vishikio vya ngozi: mkanda hautoshi, na ngozi si ya mgongo

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: SETI YA VISHIKIO VYA MKOBA VYA KUVIRINGISHA

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Nimeshawaandikia mara mbili kwa ujumbe mfupi, na mara mbili nimejibiwa kwamba "ngozi ni kitu cha asili". Hilo nalijua. Nina miaka 9 nashona mikoba kwa mkono, na sijawahi kukata ngozi iliyoota kiwandani. Ninachoomba safari hii ni mtu wenu mmoja achukue rula, kalamu na seti moja iliyobaki ghalani, akae mezani, afuate karatasi yenu ya maelekezo hatua kwa hatua kama nilivyoifuata mimi. Barua imekuwa ndefu kwa sababu hiyo.

Niliagiza seti 2. Kila seti ilikuwa na mikanda 2 ya ngozi yenye urefu wa milimita 600 na upana wa milimita 40, kamba ya pamba ya kuweka ndani yenye kipenyo cha milimita 10, uzi wa nta, sindano 2, vibanio 12 na karatasi ya maelekezo. Juu ya pakiti mmeandika: ngozi ya mgongo, iliyosindikwa kwa magome, unene milimita 1.5. Mkoba wa mteja wangu ulikuwa umekamilika, umebakiza vishikio tu. Siku zote mikanda nakata mwenyewe, lakini kazi zilikuwa zimenibana, nikajiambia acha leo ninunue kilichokatwa tayari. Nikajuta.

Nianze na upana, maana hapo kosa ni la hesabu na halina ubishi.

Kishikio cha kuviringisha ni mkanda unaoizunguka kamba, kisha kingo zake mbili zinakutana, zinabandikwa gundi na kushonwa pamoja. Hizo sehemu mbili zinazokutana mimi naziita midomo. Midomo ikiwa mifupi, hakuna pa kupitisha uzi. Karatasi yenu inasema mshono upite milimita 3 kutoka ukingoni. Sawa kabisa, hata mimi ndivyo ninavyofanya, ila mimi huacha mdomo wa milimita 5, kwa sababu baada ya kushona bado kuna kukata ukingo ulingane na kuupiga msasa.

Sasa hesabu. Nadhani aliyepanga vipimo vyenu alichukua kipenyo cha kamba, 10, akazidisha kwa 3.14, akapata 31.4. Akatoa kwenye 40, ikabaki 8.6, akagawa kwa mbili: mdomo wa milimita 4.3 kila upande. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini alisahau kwamba ngozi nayo ina unene! Mkanda haukunjwi kama karatasi ya kufungia zawadi. Ukiukunja, upande wa ndani unajibana na wa nje unajivuta, na kipimo cha kweli kipo katikati ya unene wake. Kwa hiyo kwenye kipenyo cha kamba lazima uongeze unene mmoja wa ngozi kabla ya kuzidisha. 10 na 1.5 ni 11.5. Mara 3.14 unapata 36.1. Kwenye 40 inabaki 3.9, yaani mdomo usiofika hata milimita 2. Ukipima milimita 3 kutoka ukingoni, mstari wa mshono umeshaupita mdomo na umepanda juu ya kamba.

Hiyo ni kama ngozi ingekuwa na unene mlioandika. Haikuwa nao. Nilipima mkanda wa kwanza kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene: ncha moja ina milimita 1.4, ncha ya pili 2.1. Mkanda uleule! Kwenye ncha ile nene, mdomo unaobaki ni milimita 1.

Naomba niwaeleze ilivyokuwa, msije mkasema tena nimekosea kufuata maelekezo. Nilichonga ncha za kamba zikawa nyembamba kama ncha ya penseli, ili kishikio kiishie bapa pale kinaposhonwa kwenye mkoba. Nilikwaruza upande wa nyama, yaani upande wa ndani wa ngozi, kwa msasa, nikapaka gundi pande zote mbili, nikasubiri mpaka kidole kikigusa kisinate, ndipo nikabana. Upande mwembamba ulishika. Nilipofika katikati midomo ikaanza kufunguka taratibu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayepiga mwayo. Nikabana tena kwa vibanio vyote 12, nikaacha usiku mzima. Asubuhi nikachora mstari wa milimita 3 na kuanza kutoboa kwa msharasi. Matundu ya mwanzo yalikwenda vizuri, kwa sababu pale kamba imechongwa. Kufika kama tundu la 10, mkono ukahisi tofauti: msharasi ukaacha kukata ngozi, ukawa unazama kama kwenye mto. Nilipoutoa, ncha yake ilikuwa imebeba nyuzi nyeupe za pamba. Nilikuwa natoboa kamba.

Unaweza kushona hivyo, wapo wanaofanya. Lakini uzi ukishapita ndani ya kamba, kila kishikio kinapopinda kamba inauvuta mshono, na kishikio kinakuwa na tumbo upande mmoja na bonde upande wa pili. Kwa mkono unalihisi hata ukifumba macho.

Nikaacha, nikajaribu kwa njia yangu. Nilitoa kamba yenu, nikaweka yangu yenye kipenyo cha milimita 8. Hapo mkanda wa 40 ulitosha hata kwenye ncha nene: mdomo ulibaki kama milimita 4. Kwa hiyo msidhani nawaambia mkaanze upya. Badilisheni kamba iwe ya 8, au ongezeni mkanda ufike 46 kwa kamba ya 10. Moja kati ya hayo mawili, basi. (Na kalipa ghalani haimgharimu mtu.)

Vishikio vikashonwa, na hapo ndipo tatizo la pili lilipojitokeza, ambalo mimi naliona kubwa zaidi kwa sababu upana ni uzembe, lakini hili linahusu mlichokiandika kwenye pakiti.

Ngozi haikuwa ya mgongo. Kila fundi anajua kwamba nyuzi za ngozi ya mgongoni zimeshikana sana na hazivutiki ovyo, na ndiyo maana mikanda na vishikio hukatwa hapo, kwa urefu, sambamba na uti wa mgongo. Ya tumboni imelegea, inavutika, na unene wake unabadilika kila baada ya kiganja. Inafaa kwa mifuko midogo ya ndani, inafaa kwa vipande vya majaribio, lakini haifai kubeba uzito. Kuitambua si kazi: nilipoukunja mkanda wenu uso ukiwa ndani, ulipiga mikunjo mikubwa iliyolegea, kama ngozi iliyoachana na mwili wake. Upande wa nyama ulikuwa na manyoya ya nyuzi ndefu. Na nilipoushika ncha mbili nikauvuta, ulirefuka na haukurudi.

Nilipaswa kuukataa palepale. Nilijipa moyo kwamba ukishashonwa utatulia.

Kabla ya kumkabidhi mteja, nina kawaida ya kutundika mkoba na kuutia kilo 5 ndani kwa siku mbili. Nilitundika jioni. Kesho yake nilipoingia chumbani niliuona umeinama kabla hata sijawasha taa. Baada ya siku mbili, kishikio kimoja kilikuwa kimerefuka milimita 11, cha pili milimita 3. Vyote viwili vimetoka pakiti moja. Mkoba wenye vishikio visivyolingana haubebeki; begani unageuka, mdomo wake unatazama nje, na mwenye mkoba anakuona wewe ndiye hujui kazi. Nilivifumua vyote. Kwenye mkoba matundu ya mshono wa kwanza yapo mpaka leo, maana tundu la ngozi halizibiki kama la kitambaa.

Nikawaandikia. Kijana wenu alinijibu kwa upole, hilo nakubali, akanishauri niloweshe mikanda ya seti ya pili kabla ya kuviringisha ili "ikae vizuri". Ushauri wenyewe si mbaya: ngozi iliyosindikwa kwa magome ikiwa na unyevu hulainika, na ikikaukia kwenye umbo hulishika. Nikailowesha kwa sifongo, nikaiviringisha, nikabana kwa vibanio mlivyotuma, nikaacha ikauke.

Nilipovitoa, kila palipokuwa na kibanio palikuwa na alama nyeusi yenye ubuluu. Kila mkanda vibanio 12, alama 12, zimejipanga kama vifungo vya shati. Vibanio vyenu ni vya chuma kitupu, havijapakwa rangi wala kufunikwa mpira. Tanini, ile dawa ya kusindikia inayotoka kwenye magome, ikikutana na chuma kwenye maji hutoa weusi, na ni kwa njia hiyohiyo watu walitengeneza wino kwa karne nyingi. Kampuni inayouza ngozi ya magome na vibanio vya chuma kwenye pakiti moja, kisha inamwambia mteja alowanishe, ilitakiwa iwe imelijua hili kabla yangu. Nilijaribu kufuta kwa maji ya ndimu. Alama zilififia, hazikutoka.

Niseme na haki yenu: weusi ule ulinithibitishia kwamba ngozi imesindikwa kwa magome kweli, kama mlivyoandika. Na uzi wenu ni mzuri. Haukunikatikia hata mara moja, nta yake haijikusanyi kwenye tundu la sindano, na urefu mliouweka, mara 4 ya mshono, unatosha na kubakiza cha kufunga. Anayechagua uzi hapo kwenu anaijua kazi. Sielewi kwa nini hajaulizwa kuhusu ngozi.

Jibu lenu la mwisho lilisema mnanipa punguzo kwenye oda ijayo. Ahsanteni, sitaki. Punguzo linanitaka ninunue tena kitu ambacho bado hamjakirekebisha.

Ninachodai ni hiki. Kwanza, mnirudishie fedha za seti zote 2 pamoja na gharama ya kunitumia, kwa njia ileile niliyolipia. Sidai fidia ya siku zangu wala ya mkoba wa mteja, ingawa nimekata kipande kipya cha mbele na kukishona upya kwa ngozi yangu mwenyewe. Pili, muache kuandika "ngozi ya mgongo" kwenye pakiti za mikanda hii mpaka muwe na hakika inakokatwa. Mkitaka kuuza ya tumboni, iuzeni kwa jina lake na bei yake, wapo wanaoihitaji. Tatu, mrekebishe karatasi ya maelekezo, upana na kamba vikubaliane, na muweke sentensi moja kuhusu chuma na unyevu. Na waliokwishanunua muwaandikie. Mimi nina kalipa na nilikuwa na kamba nyingine kabatini. Anayejifunza, ambaye seti hizi zimetangazwa kwa ajili yake, atadhani mkono wake ndio mbovu na ataacha kazi hii kwenye kishikio cha kwanza.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14, kutoka kwa mtu aliyeishika seti mkononi. Nisipolipata nitapeleka malalamiko haya kwenye mamlaka inayowalinda watumiaji, pamoja na vipimo na picha.

Mikanda yote 4 ninayo. Miwili ina matundu, miwili ina alama 12 kila mmoja. Mkiitaka kwa uchunguzi, mtume mtu aje kuichukua kwa gharama yenu. Mkija, leteni na kalipa.

Wenu,
Mteja, fundi wa mikoba ya ngozi

Viambatanisho: risiti ya seti 2, picha 6 za mikanda, mshono na alama za vibanio, nakala ya ujumbe wetu wote, karatasi yenu ya maelekezo, nimeweka duara kwa kalamu nyekundu penye kipimo cha 40.